Mwezi Unashikwa na Nini

Jumatatu, 6 Septemba 1999

Madaftari ya Kidato cha Tatu B. Nimesahihisha nusu. Bado hawajui tofauti ya uzito na tungamo. Nimeshawafundisha mara tatu. Nitawafundisha ya nne na hawatasikia.

Kibwana wa Historia amekuja tena na karatasi zake. Tangu wafungue ile sehemu ya intaneti mjini, kijana huyu hashiki kitabu. Kila Jumamosi anakwenda, kila Jumatatu anatuletea ufunuo. Wiki iliyopita binadamu hajawahi kufika mwezini. Wiki hii kuna kituo cha angani kimewashinda wenyewe, kinashuka, na tarehe 18 kitaanguka baharini mbele ya Kunduchi. Maji yatapanda hadi Tegeta.

Nikamuuliza ni nani kaandika.

"Madam, hii ishu iko kwenye intaneti."

Kama vile intaneti ni mtu, ana kwao na ana ukoo. Karatasi haina jina la mwandishi. Ina picha ya moto. Walimu sita wenye vyeti wameizunguka kama nzi. Mwalimu wa Kemia, mwanamke aliyesoma chuo kikuu, kaomba aitoe kopi.

Nimekunywa chai yangu nikiwa nimewapa mgongo.

Jumatano, 8 Septemba

Kopi zimefika madarasani. Zimefika sokoni. Zimefika mpaka huku kwetu Kimara, mwendo wote huo. Jirani yangu kaniuliza kama Kimara iko juu kiasi cha kutosha. Mtu mzima, karani wa miaka mingi.

Kinachoniudhi si uongo. Uongo ulikuwapo tangu zamani. Ila zamani mwongo alikuwa na sura, ukimwona unakumbuka ya jana yake. Huu wa sasa umepigwa chapa, una tarehe pembeni na herufi zilizonyooka, na watu wanaupokea kwa mikono miwili. Darasani hakuna tena anayeniuliza "kwa nini?" Wanauliza, "Madam, na wewe umeiona?" Kuona karatasi ndiyo kujua.

Mkuu wa shule kaniita. Anataka niseme neno paredi ya kesho, "wewe ndiye mtu wa Fizikia." Mwenyewe anaogopa. Nimeiona kopi chini ya kitabu chake cha mahudhurio.

Alhamisi, 9 Septemba

Nimewamaliza.

Nilipanda jukwaani bila karatasi. Nikasema: kitu kikishapanda kule juu, kimetoka katika uvutano wa dunia. Ndiyo maana wanaanga wanaelea, mmewaona kwenye picha. Hakuna uvutano. Kisichovutwa hakianguki. Kwa hiyo kituo hakiwezi kuanguka, si Kunduchi wala popote, na anayesema kitaanguka arudi Kidato cha Kwanza. Nikamtazama Kibwana. Akatazama viatu vyake.

Kisha mkono. Rehema, Kidato cha Tatu B, yule wa Kunduchi ambaye mama yake anakaanga samaki pale samaki wanapoteremshwa.

"Madam, samahani. Kama huko juu hakuna uvutano, mwezi unashikwa na nini?"

Mbele ya shule nzima. Nimefundisha miaka ishirini na miwili.

Nikamwambia: "Kaa chini. Kichwa kimejaa magamba ya samaki, hakina nafasi ya Fizikia."

Shule nzima ikaangua kicheko. Mkuu wa shule alicheka hadi akafuta miwani. Nilijisikia vizuri. Siandiki uongo humu. Nilijisikia vizuri sana.

Ijumaa, 10 Septemba

Wameshampa jina. Magamba. Nimelisikia kwenye korido mara mbili. Watoto hawana huruma. Atazoea.

Jumatatu, 13 Septemba

Viti vitupu Kidato cha Tatu B. Tisa. Wazazi wa pwani wanawahamisha watoto kwa ndugu zao, Kisarawe, Chanika, Kibaha, eti mpaka tarehe 18 ipite. Kidato cha Nne wana mtihani wa taifa mwezi ujao na wengine wao wamefungasha magodoro. Nilisema mbele yao kwamba haiwezekani. Nilisema kwa Kiswahili.

Rehema naye hayupo. Wameniambia yuko Chanika kwa bibi yake. Basi, naye kumbe ni wale wale. Swali la kijanja kinywani, godoro kichwani.

Mkuu wa shule anafikiria kufunga shule Ijumaa "kwa tahadhari". Nimemwomba siku moja. Nitakwenda huko huko kwenye hiyo intaneti yao, nitoe karatasi inayosema kinyume, nimtupie mezani. Kama wanataka karatasi, watapata karatasi.

Jumanne, 14 Septemba

Chumba kidogo, kompyuta sita, feni moja. Mhudumu, sista mwenye kucha ndefu, alinionyesha jinsi ya kushika kipanya kama ananifundisha kushika kijiko. Wanaume wawili wakinitazama. Nikavumilia.

Ilichukua muda kurasa kufunguka. Na kila ukurasa una maneno ya buluu, ukiyabonyeza unakwenda kwingine. Nilianza na kituo cha angani. Nikajikuta kwenye mbwa waliorushwa angani. Kisha chakula cha wanaanga. Kisha mtu anayeapa kwamba dunia ni bapa. Huyo nilimsoma hadi mwisho. Saa nzima imepita na sikumbuki nilichojia. Sasa naelewa Kibwana anachokipata huku. Si maarifa. Ni kule kubonyeza. Kila mara unadhani linalofuata ndilo.

Nikarudi nilikoanzia. Kuhusu tarehe 18 hakuna kitu, ila ule ukurasa mmoja wa moto. Vizuri.

Halafu nikakuta ukurasa mwingine, hauna picha hata moja. Mwandishi ni mwalimu wa sekondari wa nchi ya mbali, kaweka jina lake na shule yake. Anaorodhesha makosa ambayo walimu wa Fizikia huwafundisha watoto. La kwanza: kwamba angani hakuna uvutano.

Nilicheka kwa sauti. Sista akageuka.

Nimeutoa kwenye karatasi ili nimcheke vizuri nikiwa nyumbani.

Jumatano, 15 Septemba

Sikwenda shule. Nimetuma ujumbe kwamba naumwa.

Nimekaa mezani tangu asubuhi na kalamu na ile kanuni ya uvutano ninayoiandika ubaoni kila mwaka. Kutoka kitovu cha dunia hadi hapa tulipo, kilomita elfu sita na mia nne. Kituo kiko juu yetu kilomita mia nne tu. Weka kwenye kanuni. Piga hesabu.

Uvutano kule juu ni karibu tisa ya kumi ya huu wa Kimara.

Nimepiga mara tatu. Mara ya tatu nilitumia kikokotozi cha mume wangu, nikitumaini kitanitetea.

Wanaanga hawaelei kwa sababu hawavutwi. Wanavutwa, na wanaanguka, wao na chombo chao kwa pamoja, ila wanakimbia kwa kasi kiasi kwamba dunia inajipinda chini yao na hawaifikii. Na pale juu kuna hewa, nyepesi mno, inayowapunguzia kasi kidogo kidogo. Kwa hiyo kituo kinaweza kushuka. Tarehe ni ya uongo, Kunduchi ni uongo, mawimbi ni uongo. Lakini "haiwezekani" ilikuwa yangu mimi.

Na mwezi unashikwa na uvutano. Mtoto alikuwa na jibu mkononi, aliniuliza kwa adabu tu.

Miaka ishirini na miwili. Ile "hakuna uvutano" niliisoma kwenye kitabu kimoja nikiwa chuo cha ualimu. Kilikuwa na jalada gumu. Sikuuliza. Kanuni nilikuwa nayo siku zote, na siku zote sikuitumia kwa hilo. Kibwana aliamini karatasi ya wiki iliyopita. Mimi niliamini yangu iliyokuwa imezeeka.

Mume wangu kauliza nina nini. Nimemwambia kichwa. Hapo sikudanganya.

Ijumaa, 17 Septemba

Shule imefungwa. Tahadhari imeshinda.

Nimekwenda Kunduchi. Walionihakikishia kwamba pwani yote imekimbia ni waongo pia. Watu wapo, wanagombea samaki kama kawaida. Mama Rehema alikuwa kwenye karai lake, mafuta yakichemka. Nikajitambulisha. Hakuinuka.

"Nakujua, mwalimu."

Nikaanza na hekima zangu. Nikasema asiwe na wasiwasi, hakuna kitakachoanguka, amrudishe mtoto.

Akageuza samaki wote, mmoja mmoja, ndipo akasema: "Mie nakaa hapa hapa, na kesho nitakaanga. Unadhani nimemkimbiza mwanangu kwa ajili ya hicho kidubwasha? Rehema kaondoka kwa ajili ya mdomo wako. Alikuwaga anakuja hapa kunisaidia akitoka shule. Siku ile kapita mbali, kazunguka, asionekane na mie. Mimi mama yake. Kisa nanuka samaki."

Nilisimama pale moshi ukiniingia machoni. Mteja akaja, akamhudumia. Mwingine akaja.

Mwisho nikasema nimekosa. Akasema, "Mie hukunikosea kitu. Kamwambie mwenyewe." Akanielekeza nyumba ya bibi.

Jumamosi, 18 Septemba

Tarehe yenyewe. Jua, mawingu machache. Hakuna kilichoanguka.

Chanika nilifika saa sita mchana. Kwenye uwanja wa msikiti palikuwa na familia nzima nzima zilizotoka pwani, wamekalia magodoro, redio katikati, nyuso juu. Mzee mmoja kavaa miwani miwili, mmoja juu ya mwingine. Nikawadharau kwa mazoea. Dharau ikakatika katikati, kama chafya isiyotoka.

Rehema alikuwa shambani kwa bibi yake, anapalilia mihogo. Aliponiona akaficha jembe nyuma yake, sijui kwa nini. Akasema shikamoo. Ile shikamoo iliniuma kuliko maneno ya mama yake.

Nikamwambia: "Swali lako lilikuwa sahihi. Mimi ndiye sikujua."

Nikatoa karatasi yangu ya hesabu, nikakaa chini kwenye tuta, nikamweleza hatua kwa hatua. Alisikiliza akiwa amesimama. Penye tisa ya kumi akainama. Akasema, "Madam, hapa umesahau kuweka kipeo cha pili." Nilikuwa nimekiweka kwenye hesabu, sikukiandika. Lakini alikuwa sahihi tena.

Nikamwomba arudi. Ndipo akaniangalia usoni kwa mara ya kwanza.

"Wewe umeniambia huku, tuko wawili na bibi. Yale uliyaongea mbele ya watu wote."

Sikubisha. Bibi kanipa uji. Nimeunywa wote.

Jumatatu, 20 Septemba

Kibwana kaingia ofisini anacheka. Kapata karatasi mpya: kituo hakikuanguka kwa sababu mataifa makubwa yamekizuia kwa siri. Hata aibu hana. Walimu wameizunguka. Walewale.

Nilimwambia mkuu wa shule ninachotaka kukisema paredi. Akakataza. "Mwalimu hajikosoi mbele ya wanafunzi. Kesho watatukosoa sote." Nikamjibu kwamba hilo lingekuwa jambo zuri. Akasema hapana, na ni amri.

Nilipanda tu. Alikuwa bado anatafuta miwani yake.

Nikasema nililowafundisha Alhamisi ile si kweli. Nikasema uvutano upo kule juu. Nikasema mwanafunzi mmoja aliniuliza swali ambalo lingenionyesha kosa langu, na badala ya kumjibu nikamtukana, yeye na kazi ya mama yake, kwa sababu sikuwa na jibu. Nikamtaja jina lake lote. Nikasema atakayemwita jina lingine anaendeleza upumbavu wangu, na auendeleze akijua ni wangu.

Hakuna aliyecheka. Kuna waliokuwa wanafurahi, nimewaona. Kibwana alikuwa mmoja wao. Rehema hakuwapo. Sikuwa na hakika kama angekuja hata kidogo, lakini alikisema waziwazi alichotaka: mbele ya watu wote. Watamfikishia.

Mkuu wa shule kaniandikia barua ya onyo. Ina makosa mawili ya tahajia. Sikuyasahihisha.

Alhamisi, 23 Septemba

Rehema alikuja leo. Kakaa nyuma, dirishani. Sikumwita mbele, sikumtaja.

Nimefundisha mzunguko wa sayari. Nilipomaliza nikauliza nani ana swali. Hakuna. Zamani ningefuta ubao. Nikasubiri. Wakaanza kutazamana.

Mwishowe mkono ukapanda, wa Tumaini, ambaye mtihani uliopita alipata alama ambazo sitaziandika. Akauliza: mtu aliye ndani ya chombo kinachoanguka muda wote, bila dirisha, anajuaje kwamba anaanguka?

Nilifungua mdomo. Nikaufunga. Nikasema sijui, nitalifikiria, na wao walifikirie mpaka Jumatatu, bila kwenda kwenye intaneti.

Darasa likanong'ona. Kule nyuma Rehema alikuwa ameinama, anaandika.

Nimerudi nyumbani mapema. Mume wangu kapika ndizi.