Mfalme Ameniozesha Bintiye Jukwaani

Bi Dama, mshauri wetu wa kila Ijumaa, shikamoo. Baada ya salamu naomba uniokoe upesi, maana huku Msambweni sina pa kuweka uso wangu, nikienda sokoni naitwa bwana harusi, nikienda msikitini wazee wananiuliza mke wangu hajambo, na mimi Bi Dama sijui kama nina mke au sina.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na tangu nitoke chuo cha ualimu nilikuwa na hamu ya kutunga mchezo mkubwa kama ile tuliyosomeshwa na Wazungu, ya wafalme wanaosema kwa mashairi na mizimu ya baba zao na mawaziri wenye sumu, lakini nikasema wafalme wa zamani wametuchosha, mimi nitatunga mfalme wa siku hizi, mwenye simu na motokaa, wa kisiwa kilichopata uhuru juzi kama sisi, ambaye Bunge jipya linamletea sheria aitie sahihi kwamba kuanzia leo yeye ni raia kama raia wengine, naye hataki, na huku nyuma binti yake anampenda dereva wa motokaa ile ile. Dereva nilikuwa mimi. Binti alikuwa Chiku, mwana wa Mzee Rai mnunuzi wa mbata za nazi, na Mzee Rai alisema mwanawe hapandi jukwaani na vijana ila yeye baba yake awepo, basi nikampa ufalme, kwa kuwa ana sauti ya kusikika mpaka Munje, na ingawa hajui kusoma nilimsomea beti zake akazishika zote.

Tulicheza Idd pili, alasiri, na watu walijaa, wanaume upande huu, wanawake upande ule, na tangu mwanzo hawakunyamaza. Mfalme aliposimama peke yake kutoa siri za moyo wake, mtu mmoja alimpigia kelele, "Polepole Mzee Rai, Waziri yuko nyuma ya pazia anakusikia!" Mzimu wa baba yake mfalme ulipotokea, kina mama walisoma dua kwa sauti mpaka mzimu ukasahau maneno yake. Nilifurahi sana, nikajua mchezo umewaingia.

Sasa ikafika pale mfalme anapokubali sheria na kumwoza bintiye kwa dereva, ambapo Mzee Rai alitakiwa aghani beti za kuniachia ua la bustani yake, na Mzee Rai akaganda, jasho likamtoka chini ya taji la bati, beti zote zimempotea, kisha nikaona anavua taji, ananishika mkono kama alivyowashika wakwe zake wengine, na kwa sauti ile ile akasema, "Nimekuozesha binti yangu Chiku kwa mahari mliyopatana." Chiku, Bi Dama, si jina la mchezoni. Na mimi kwa kutaka kuuokoa mchezo wangu tu, nikajibu pale pale, "Nimekubali kumuoa Chiku kwa mahari hayo."

Ukumbi ulilipuka vigelegele. Bi Menza, shangazi yake Chiku, alipanda jukwaani akamfunika leso. Waziri alipoleta kikombe cha sumu, kwa sababu mfalme alikuwa afe kwa maneno marefu niliyoyatunga mwezi mzima, watu walimnyang'anya kikombe. "Rai hafi leo, ana harusi!" Mfalme hakufa, na mchezo ukaishia hapo.

Tangu siku hiyo maalim wa madrasa anasema nikahi haina mzaha, baba alikuwepo na mashahidi walijaa ukumbi, wengine wanasema mchezo ni mchezo, na Mzee Rai ukimwuliza kama alisahau au alikusudia anajibu, "Nimesema niliyosema," anaendelea kupima mbata zake. Salimu wa Tiwi, aliyekuwa ameleta posa kwa Chiku, ameiondoa, anasema hawezi kuposa mke wa mtu.

Na juu ya yote hayo, mhakiki wa gazeti lenu, bwana aliyekaa kiti cha mbele na kalamu yake, akaandika kwamba mwisho wangu ni dhaifu, kwamba nimeogopa kumuua mfalme nikakimbilia harusi, kwamba mashairi yamevunjika mahali pake muhimu, kwamba binti wa mfalme alicheka pasipo na kichekesho, na kwamba kilichokuwa kizuri alasiri nzima ni hofu ya bwana harusi, ambayo ilionekana kama ya kweli! Nimekisoma kipande hicho mpaka karatasi imechakaa. Mwisho wangu haukuwa ule! Nifanye nini, Bi Dama? Nimeoa au nimeigiza?

Dereva wa Mfalme, Msambweni

JIBU

Marahaba, mwalimu. Nimecheka mpaka wenzangu wakaja mezani kwangu kuuliza kuna nini, kisha nikaisoma barua yako mara ya pili na kicheko kikaniisha.

Tuanze na jambo dogo, ambalo wewe umelifanya kubwa. Mhakiki wetu anakaa karibu nami, nimemsomea barua yako, naye ameacha chai yake ikapoa. Mpaka leo alidhani yote yale umeyaandika wewe. Mwache. Watu wamekataa mfalme wako afe, wamemnyang'anya waziri sumu mkononi, na wewe bado unalia kuhusu mwisho? Ni wangapi kati ya hao Wazungu wa chuoni kwenu waliopata sifa kama hiyo?

Kuhusu ndoa, mimi si kadhi, na fatuwa haitolewi gazetini karibu na tangazo la sabuni. Mwende kwa kadhi, wewe na Mzee Rai na watu wawili walioshuhudia, mkamweleze ilivyokuwa bila kupunguza wala kupamba. Atakalosema ndilo. Wanaobishana kwa kinyozi uwaache wabishane.

Lakini mwanangu, hujaona barua yako ina kasoro gani? Umenieleza alivyosema Mzee Rai, na maalim, na Salimu, na mhakiki, na hata mzimu umepata sehemu yake. Chiku hajasema neno. Katika mchezo wako alikuwa na beti zake, humu hukumpa hata sentensi moja. Najua tu kwamba alicheka, na hilo nimelipata kwa mhakiki, mtu wa Mombasa. Usije ukalichukua kuwa ndiyo. Mwanamke hucheka kwa furaha, na hucheka akiwa hana pa kukimbilia mbele ya umati.

Halafu nani alitunga kwamba dereva amuoe binti wa mfalme, na nani akajipa udereva? Nadhani unampenda, na kupenda si kosa. Kosa ni kuyaachia mashairi kazi ya ulimi wako, na sasa kujificha nyuma ya maalim na kadhi. Nimekukasirikia hapo. Wewe unaitwa bwana harusi sokoni, unaona haya, unarudi shuleni kufundisha. Yeye posa yake imeondoka, na anakaa ndani hajui kama ni mke au mwari, na hakuna aliyemwuliza lolote.

Basi leo, kabla ya safari ya kwa kadhi, nenda kwa Bi Menza, mwombe aketi nanyi kwa heshima, umwulize Chiku. Mwulize kwa maneno ya kawaida, kisha unyamaze umsikilize mpaka amalize. Akisema anakutaka, mwambie kadhi hivyo, nikahi isomwe upya kwa ridhaa yake, na mahari uyatoe kweli. Akisema hakutaki, mwambie kadhi hivyo pia, na kama kuna ndoa ya kufunguliwa ifunguliwe siku hiyo hiyo. Kisha usimame mbele ya watu wale wale useme Chiku hakujua, jibu lilikuwa lako, na uende Tiwi kwa miguu yako umweleze Salimu. Itakuuma.

Wewe ukiaibika utatunga mchezo mwingine. Yeye jina lake ni hilo moja, nalo mmelitamka mbele ya watu wote bila kumwuliza.