Ukuta wa Mhunzi wa Rugu

Mjukuu wangu Kemilembe,

Natumaini umeanza kuizoea baridi ya huko. Sisi hapa Bweranyange tu wazima. Mama yako anaanika kahawa, na babu yako goti linamsumbua, lakini ukimkataza kwenda kwenye migomba ananuna.

Umeniuliza kama nakulaumu kwa kwenda kuuguza watu wa mbali wakati huku wauguzi ni wachache. Swali lako limenikumbusha mhunzi mmoja Mrundi aliyehamia Rugu.

Nilikuwa nimeolewa karibuni, nikaenda kwake kutafuta jembe. Nilimkuta anatoa chuma motoni, chekundu kama jua linalozama, akakilaza kwa nyundo taratibu mpaka kikatii. Nilisahau hata kumwamkia. Nikamuuliza, "Mzee, ufundi kama huu uliwezaje kuuondoa kwenu?"

"Kwetu nilikuwa na mikono tu, binti yangu," akasema. "Chuma nimekikuta huku."

Kisha akanifungulia mlango wa chumba chake. Ukuta mzima, toka chini hadi darini, ulikuwa umefunikwa na majembe mapya yanayong'aa. Kila alipopata chuma, jembe la kwanza hakuliuza.

"Haya ni ya nyumbani," akasema. "Siku nikirudi, sirudi na mikono tu."

Nilisimama mlangoni kama niko kanisani. Mpaka leo sijaona ukuta mwingine kama ule.

Sikulaumu, mama. Ila ukija likizo, nisimulie ukuta wako umefikia wapi.

Bibi yako anayekuombea