Jubilei ya Wenzetu Katika Ukumbi Wetu

Baba Aika wangu,

Jumamosi iliyopita wenzetu walifanya jubilei ya ndoa katika ukumbi wetu, nami tangu asubuhi nilitamani mvua inyeshe. Nakuambia mwenyewe kabla hujasikia kwa mtu mwingine huko uliko.

Mlipoujenga ukumbi ule hapa Kiboriloni, saruji ilipatikana kwa kujuana, na kila mwenye nyumba alileta matofali yake. Ulirudi jioni una vumbi mpaka kwenye kope, ukaniambia jubilei yetu tutaifanyia humo. Nikakujibu kaoge kwanza. Siku hizi saruji imejaa madukani, na wenye hela wanatafuta kumbi kila Jumamosi, kwa hiyo umoja wetu wa wenye nyumba umeanza kuukodisha. Kodi inamlipa mlinzi na imetuwekea taa njiani. Siwezi kulalamika.

Kanuni yako bado ipo: nyumba inayopakana na ukumbi iulizwe kwanza, na ikikataa, basi. Nakumbuka ulivyosimama mkutanoni ukasema mkeo halali kukiwa na muziki. Wakacheka kwamba Baba Aika katumwa na mkewe. Hukukana.

Ndiyo maana mwenyekiti alinigongea mlango akiwa na wageni kutoka Arusha. Kumbe ni Ruth na Elinami, tuliofunga nao ndoa kule Old Moshi, jozi mbili katika ibada moja. Pete yangu iligoma kwenye kifundo cha kidole, Elinami akakunong'oneza, "Paka mate, bwana." Ukapaka kweli, mbele ya madhabahu. Mchungaji akajifanya haoni.

Walitaka ukumbi wetu kwa sababu wazazi wao ni wazee. Wanaweza kuteremka kutoka kule Old Moshi mpaka hapa, Arusha hawafiki. Elinami amenenepa, ana gari lake. Gari halikunisumbua. Kilichonichoma ni Ruth. Alinyoosha mkono bila hata kumtazama mumewe, akamtoa uzi begani, akaendelea kuzungumza.

Nikasema nitafikiri, lakini moyoni nilikuwa nimeshakataa. Walipoondoka, Aika akauliza nitampa mwenyekiti sababu gani. Nikasema kelele.

"Mama, juzi kwenye ile sendofu ya kumuaga bibi harusi ulikuwa unachezesha mguu hapo hapo ulipokaa."

Mtoto huyu ana ulimi wako.

Kesho yake Ruth alirudi peke yake na mkungu wa ndizi. Akanieleza kwa upole kwamba wameniwekea nafasi meza kuu, na kando yangu kitakuwepo kiti kitupu kwa ajili yako. Hapo nikashindwa kujizuia.

"Ruth, wewe ukae na mumeo, mimi nikae na kiti? Nakuonea wivu. Nimekuonea wivu tangu ulipoingia kwenye mlango huu."

Nilidhani ataanza kuniambia habari za mapenzi ya Mungu, kama watu wote wanavyoniambia.

"Na mimi ningekuonea," akasema.

Akaacha ndizi mezani, akainuka. Hakutaja ukumbi tena. Angenituliza kwa maneno matamu ningemkatalia, lakini hakunidanganya. Alipofika getini nikamwita, nikamwambia wauchukue ukumbi, ila kiti kile wasikiweke, na mimi wanitafute jikoni.

Jikoni ni kuzuri, Baba Aika. Huko hakuna wanaokaa wawili wawili. Lakini ukuta ni mwembamba, unajua mwenyewe mlivyobania matofali, na mchungaji alipowauliza kama bado wanakubaliana nilisikia kila neno. Nikakoroga ule wali mpaka mwenzangu akaninyang'anya mwiko.

Kisha wakakata ndafu. Nilisikia vigelegele, nikajua mbuzi yule mzima wa kuchoma amefika mbele na wanalishana. Punde nikamwona Ruth akija jikoni na gauni lake refu, kipande cha nyama mkononi, mpiga video akimfuata na taa. Ruth akamrudisha ukumbini. Wanawake wakasogea, akasimama mbele yangu, akanyanyua ile nyama mpaka mdomoni mwangu, vile vile alivyotoka kumlisha mumewe.

"Kula."

Nikala. Ilikuwa laini, imekolea chumvi. Niliitafuna huku bado namwonea wivu, sikuusikia wivu ukipungua hata kidogo. Ilipokwisha nikafungua mdomo tena, naye akacheka, akaenda kuniletea nyingine.

Basi pumzika, mume wangu. Usinionee huruma. Nionee wivu kidogo, maana nyama ile ilikuwa nzuri na wewe hukuionja.

Mkeo,
Mama Aika