Kiti cha Namba Tatu

Philadelphia, Aprili 22

Kwa Dada yangu mpendwa Noreen,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumai goti limepoa na wasichana wako wa chuo hawajakumaliza. Huku hatujambo. Mama bado anawaambia majirani kwamba ulitwaa ubingwa kwa nguvu ya supu yake ya viazi.

Asante kwa kunialika mazoezini Ijumaa. Nimekuona ukishinda mara nne, mtu wa kilo hamsini na tisa, peke yako kwenye boti nyembamba, nikadhani nimekwisha kushangaa. Lakini kukuona umewapa wasichana mgongo, ukamtambua kwa mlio wa kasia tu aliyechelewa kuvuta, kuliniacha kinywa wazi.

Kisha ukawashindanisha wagombee viti. Boti mbili za watu wanne zikashindana, ukabadilisha wasichana wawili tu katika kiti cha namba tatu, zikashindana tena. Kila boti aliyokaa Tamsin, mmoja wa wawili hao, ikashindwa. Alilia. Ukamwambia kwamba nawe ulikosa kiti hivyo hivyo mwaka wako wa pili chuoni, ndipo ukajifunza kupiga kasia peke yako.

“Maji hayadanganyi, mwanangu,” ulimwambia. “Mimi yalinipa haki yangu.”

Dada, siku ile ya kugombea viti chuoni, ulipohamia boti yetu, nilivuta nusunusu. Niliinama na kukunja uso kama wenzangu, ila nguvu sikutia. Nilitaka rafiki yangu Gretchen akipate kiti, na wewe nilikuonea kijicho tangu utotoni. Tulishindwa kwa sekunde mbili. Miaka thelathini nimekupigia makofi ukingoni mwa mito, na kila medali yako ikanituliza: si kosa langu ndilo lililomzaa bingwa? Ningekufa nalo.

Lakini Ijumaa nilikuwa juu ya daraja, wewe ukitazama saa yako. Kasia lililovutwa kweli huacha duara la maji linalozunguka kwa muda. Tamsin alipohamia boti ya pili, kasia la msichana wa nyuma yake liliacha mapovu tu. Mapovu hayo nayajua vizuri.

Mpime upya kabla ya mashindano ya Jumamosi, nakuomba. Ukishamaliza, ndipo unikasirikie, nitasubiri. Si kila aliyenyimwa kiti atakuwa wewe.

Mama anakubusu. Wasalimie wote kwenye banda la boti.

Mdogo wako,
Maeve