Kura Mbili za Mke Wangu

Jumanne, 16 Oktoba 1956

Mabehewa mawili ya pareto leo, na moja la mahindi lenye karatasi za mtu mwingine. Asubuhi nzima imeishia hapo. Saa nane nikaomba ruhusa kwa mkuu wa stesheni, nikampitia Perisi zahanati, tukaenda boma kujiandikisha. Nilivaa koti la harusi.

Mwaka ujao Waafrika tutachagua wenyewe mtu wa kutusemea Baraza la Kutunga Sheria. Zamani Gavana ndiye aliyekuwa akitutafutia. Nimelingoja jambo hili kama mtoto anavyongoja Krismasi.

Karani aliniuliza masomo. Darasa la sita, nikamwambia, baba alifariki nikaacha. Habari za baba hakuzitaka. Mshahara? Nikautaja. Akaandika: kura moja.

Kisha Perisi. Shule ya bweni ya wasichana kule misheni, amemaliza. Ukunga, amesomea. Mshahara, anao. Kura mbili.

Sheria ndiyo hiyo. Mtu hupewa moja, mbili au tatu, kwa kadiri ya masomo, mapato na utumishi wake. Naijua. Niliisoma gazetini mimi mwenyewe, nikamweleza Perisi mimi mwenyewe.

Njiani alitembea na cheti chake cha kupigia kura mkononi. Afadhali angecheka.

Jumatano, 17 Oktoba

Opudo amejua. Huyu ni jirani yetu hapa landhi, nyumba za wafanyakazi wa reli, mchochea makaa kwenye injini, mdomo wake haufungi. Alinikamata bombani mbele za watu.

"Bwana karani, nyumbani kwako mkipiga kura kati ya ugali na viazi, si mama anashinda?"

Watu wakacheka. Nikacheka na mimi. Jioni kulikuwa na viazi. Sikula.

Jumamosi, 27 Oktoba

Zakaria alikuja nyumbani.

Tulikaa dawati moja misheni, Zakaria na mimi. Mimi niliacha, yeye akaendelea hadi sekondari. Sasa ni mkalimani pale boma. Viatu vyake vinang'aa hata msimu wa vumbi. Kura tatu.

Ametumwa na ofisi azunguke mitaani kuwafundisha watu namna ya kupiga kura. Wanaume hawamsumbui. Wanawake walioandikishwa ndio shida: ni wachache, na hawataki kumuuliza mwanamume maswali. Akamwomba Perisi amsaidie Jumapili alasiri, kwenye ukumbi wa mtaa wa Bondeni. Mama wengi anawajua, nusu yao amewazalisha.

Aliniomba ruhusa mimi kwanza, kwa heshima zote. "Baba Ruthu, ukikataa nitaelewa." Nikakubali. Ningesema nini?

Perisi alimtilia chai kwa kikombe cha wageni. Kikombe cha wageni ni cha wageni, najua. Lakini niliona.

Jumapili, 11 Novemba

Perisi ametoka saa tisa, amerudi saa kumi na mbili. Ameniambia yote bila kuulizwa. Mama mmoja alidhani karatasi inapigwa ngumi, ndiyo maana ikaitwa kupiga kura. Akinisimulia, Perisi alicheka hadi akashika mbavu. Jirani wetu Wanjiru alikuja kusikiliza tu. Yeye hajaandikishwa. Wakikuyu lazima wawe na cheti cha uaminifu kutoka serikalini, naye hajapewa. Alikaa nyuma na mtoto wake.

Perisi akasema, "Zakaria anaeleza vizuri. Hana haraka."

Hana haraka. Mimi nina haraka?

Sijamwona akicheka hivyo tangu Ruthu azaliwe, na Ruthu ana miaka sita.

Jumatatu, 7 Januari 1957

Rongai. Karani wa hapa ni mgonjwa, nimeletwa kushika nafasi yake hadi apone. Chumba kimoja, jiko la makaa, magunia ya mahindi hadi darini. Nyumbani Nakuru ni karibu, lakini kazi ni ya siku sita. Jumapili nitakuwa nikirudi treni ikiruhusu.

Perisi alinifungia mandazi. Hakulia. Sikutegemea alie. Nilitaka tu.

Ijumaa, 25 Januari

Jumapili mbili sijaenda nyumbani. Mavuno, mabehewa hayatoshi, wazungu wa mashamba wanapiga kelele.

Injini ya Opudo ilisimama hapa kuchota maji. Akaniita kutoka juu, uso mweusi kwa makaa.

"Karani! Shemeji siku hizi ni mwalimu mkuu! Bondeni nzima inamtaja. Yeye na yule mkalimani wako."

Yeye na yule mkalimani wako. Nimeandika maneno haya hesabu ya magunia ikanipotea, nikaanza upya. Ikanipotea tena.

Jumatano, 30 Januari

Namchukia. Tangu darasa la nne namchukia. Alikuwa akinipa majibu ya hesabu bila kuombwa.

Jumapili, 10 Februari

Nilifika Nakuru alasiri bila kutoa habari. Nyumba imefungwa, Ruthu yuko kwa Wanjiru. Nikaenda Bondeni kwa miguu.

Sikuingia. Nilisimama nje karibu na dirisha la ukumbi kama mwizi. Perisi alikuwa mbele na chaki. Alichora karatasi ya kura ubaoni, akaonyesha mahali pa kuweka alama, akawaita mama mmojammoja waje wajaribu. Zakaria alikuwa ameketi kwenye benchi pamoja na wale wanawake, mikono magotini, anamsikiliza kama mwanafunzi. Perisi aliposema jambo, aliitikia kwa kichwa.

Nilitafuta kosa. Nilikaa pale muda mrefu nikilitafuta. Jicho, mkono, neno. Halikuwapo. Hilo ndilo lililonikasirisha zaidi. Mimi sijawahi kuketi chini nikamsikiliza mke wangu hivyo.

Nilirudi nyumbani kabla yake, nikafungua kwa ufunguo wangu. Kitabu chake cha ukunga kilikuwa juu ya kabati. Cheti chake cha kupigia kura kilikuwa ndani, mahali anapokiweka siku zote. Nikakitia mfukoni. Nilimwachia Wanjiru salamu, nikasema treni hainingoji.

Muda wa treni ulikuwa bado mwingi.

Jumatatu, 11 Februari

Nimekichoma. Jiko la stesheni, saa nne asubuhi, chai ikichemka juu yake. Karatasi nene, ilichelewa kushika moto. Jina lake ndilo lililoungua mwisho.

Nilidhani nitasikia raha.

Jumapili, 24 Februari

Nyumba imepinduliwa. Magodoro nje, kabati limesogezwa, unga umemwagwa kwenye karai kuona kama kimeangukia humo. Perisi anatafuta kwa siku ya tatu. Na mimi nimetafuta. Nililala kifudifudi nikaangalia chini ya kitanda, nikasema, "Huku hakuna." Mtu anaweza kufanya jambo kama hilo na asife.

Saa sita akakumbuka kwamba Ruthu huchezea kile kitabu kwa sababu ya picha. Akamuuliza. Ruthu akakataa. Akamuuliza tena. Ruthu akakataa. Perisi hampigi mtoto, sijawahi kumwona. Leo alimchapa kwa kandambili, si kwa sababu ya karatasi, alisema, bali kwa sababu ya uongo. Ruthu alilia akisema sijachukua, mama, sijachukua.

Nilikuwa mlangoni. Nilikuwa na mdomo. Sikuutumia.

Jumatatu, 25 Februari

Rongai. Sijaweza kunywa chai kutoka jiko lile.

Jumanne, 26 Februari

Barua ya Perisi, imeletwa na Opudo. Ameenda boma. Wamemwambia jina lake limo daftarini na anaweza kupewa cheti kingine, lakini mumewe aje aape mbele ya ofisa kwamba cha kwanza kimepotea. Alhamisi saa nne. Amemaliza hivi: "Najua una kazi nyingi. Nisaidie hili moja."

Nimeomba ruhusa. Mkuu amenipa mara moja. Nilitumaini angekataa.

Alhamisi, 28 Februari

Niandike yote, polepole.

Ofisa ni kijana wa Kizungu, Kiswahili chake cha kuamrisha tu. Kwa hiyo aliita mkalimani. Akaingia Zakaria.

Tukasimama watatu mbele ya meza. Biblia iliwekwa. Zakaria hakunitazama kwa ubaya wala kwa wema, alikuwa kazini. Akatafsiri: "Bwana anauliza, cheti cha mke wako kilipotea vipi?"

Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na panya, nilikuwa na mvua, nilikuwa na Ruthu. Niliweka mkono juu ya Biblia na mkono ukawa mzito kama chuma cha reli.

Nikasema, "Hakikupotea. Nilikichoma mimi."

Ofisa akamtazama Zakaria. Perisi alikuwa kando yangu, akageuka kunitazama.

"Ametoa jibu gani?" ofisa akauliza kwa Kiingereza.

Zakaria akamjibu, kwa Kiingereza pia: "Anasema kiliungua jikoni, bwana."

Kiliungua. Sikusema kiliungua. Kiingereza changu ni kidogo lakini kinatosha kujua tofauti hiyo. Alichukua neno langu akalitoa ncha, akalipitisha mezani. Sheria ingeweza kunifanya nini, sijui. Ofisa akaandika, akapiga mhuri, akampa Perisi cheti kipya. Kura mbili.

Hata katika hilo ni bora kuliko mimi. Nilimchukia na kumshukuru kwa pumzi moja.

Nje Perisi alitembea mbele. Nilimfuata hadi njia panda ya sokoni. Hapo aligeuka. Nilidhani atauliza kwa nini. Nilikuwa na majibu, mabaya yote.

Akasema, "Ruthu nilimchapa."

Akaenda zake.

Ijumaa, 1 Machi

Opudo amepita. Hakunitania. Amesema shemeji amehamia nyumba za manesi pamoja na mtoto, na kwamba Wanjiru anatulishia kuku. Kisha akaniuliza kama nataka tumbaku. Sivuti. Nikachukua.

Jumapili, 3 Machi

Nilikwenda zahanati. Perisi alikuwa zamu, au alisema yuko zamu. Alimtuma Ruthu aje nje, akabaki dirishani.

Nilipiga magoti ili tulingane. Nikamwambia mtoto kwamba karatasi ya mama niliichukua mimi. Kwamba yeye hakusema uongo. Kwamba mimi ndiye niliyemuacha achapwe.

Kisha akauliza, "Na wewe umechapwa?"

Nikasema bado.

Akaniambia kwamba kuna mama amezaa mapacha, mmoja ana nywele na mwingine hana. Nikasikiliza hadi mwisho. Nilipoinuka, dirishani hapakuwa na mtu.

Jumamosi, 9 Machi

Siku yenyewe. Nimetoka Rongai na treni ya alfajiri. Mstari ulizunguka jengo. Walimu, makarani, polisi, wazee wa makanisa, mafundi wa reli na kofia mikononi kama wako msibani. Wengine wametoka mashambani kwa miguu, wana viatu begani. Wa kura moja, wa mbili na wa tatu tumesimama mstari mmoja, na kwa kutazama huwezi kumjua nani ni nani. Mimi nilijaribu. Hata leo nilijaribu.

Opudo hakuandikishwa, hakusoma wala mshahara wake hautoshi. Alikuja hivyohivyo, akasimama ng'ambo ya barabara kutazama. Wanjiru pia. Miezi yote hii nimekuwa nikijiona maskini wa kura, na wale wawili hawana hata hiyo moja. Nimeona haya kuwapita.

Perisi alikuwa watu kumi na wawili mbele yangu. Alivaa gauni la buluu. Wale mama wa Bondeni walikuwa nyuma yake, na mmoja alikuwa akijikumbusha kwa kidole hewani mahali pa kuweka alama. Aliingia. Alikaa ndani kidogo tu. Alipotoka alipita mbele yangu na macho yetu yakakutana. Hakutabasamu. Alinitengeneza kola ya koti, iliyokuwa imekunjika, akaendelea.

Zamu yangu ilipofika niliingia. Niliweka alama yangu moja. Sikufikiria kura ya mtu mwingine kwa muda huo wote, labda nusu dakika.

Jumapili, 17 Machi

Matokeo tunayo. Yule aliyekuwa amekalia kiti amerudi. Safari hii ni sisi tuliomrudisha, si Gavana. Opudo anasema basi ni yuleyule. Si yuleyule, nimemwambia. Sikuweza kumweleza zaidi.

Karani wa Rongai amepona. Niko nyumbani tangu Jumatano. Perisi na Ruthu walirudi Ijumaa, na mizigo yao kwenye toroli ya zahanati. Hatujazungumza yote. Usiku analala na mtoto. Ameniambia itakuwa hivyo kwa muda, na kwamba nisimuulize ni muda gani.

Wivu haujaondoka. Asubuhi kanisani nilimwona Zakaria amekaa viti viwili mbele, shingo imenyolewa vizuri, na moyo ukanidunda vilevile. Baada ya ibada nilimwendea. Nikamwambia asante kwa Alhamisi ile. Alisema, "Nilitafsiri tu, Elisha." Akamuuliza Ruthu habari za shule. Nikabaki nimesimama pale, sikukimbia.

Jioni tulisoma gazeti mezani, Perisi upande wake na mimi wangu. Nikamuuliza alimpigia nani. Akasema, "Hiyo ni yangu."

Nikasema sawa. Ananyonyoa kuku sasa, kule nyuma, na Wanjiru. Wanazungumza kwa sauti ya chini. Sijui wanasema nini. Nimekaa hapa ndani.