Baba Anapofunga Duka

Jumatatu, 6 Mei

Bodi ya kielektroniki niliyoagiza, ile ya kuunganisha kengele ya mlango, imefika. Ndogo! Inaenea kiganjani, pini zimejipanga pembeni kama meno ya kitana. Kaka nimemwonyesha kwa simu, akacheka: hicho ndicho kitakachomlinda mzee?

Acheke tu. Wiki iliyopita baba alitoka bila kuaga, tukamkuta kwenye kituo cha mafuta — pale palipokuwa na duka lake la kutengeneza redio. Anatafuta mlango! Kaka kasema Jumamosi anamchukua akakae kwake, geti lina kufuli. Nimemwomba anipe hadi siku hiyo. Mlango wetu ukifunguliwa, kengele ilie chumbani kwangu. Basi. Baba abaki nyumbani kwake.

Jumatano, 8 Mei

Swichi ya mlango pini ya nne, kengele pini ya tano. Kimya. Nikakagua, nikakagua — wapi! Kumbe namba iliyochapwa kwenye bodi siyo ile programu inayoijua. Nikahamisha waya. Ikalia mpaka jirani akagonga ukuta. Nimecheka peke yangu kama mwehu.

Dukani kwa baba kulikuwa hivihivi. Harufu ya lehemu, redio zinabishana, mimi na kaka tunagombea bisibisi. Jamani, lile duka! Nimelikumbuka.

Alhamisi, 9 Mei

Nyaya zote zimechomolewa. Zimelazwa mezani kwa rangi. Baba, umegusa? Hata, mwanangu.

Nimeunganisha upya.

Ijumaa, 10 Mei

Tena! Leo nimemwona. Giza linaingia, akainuka, akachomoa waya mmojammoja. Tunafunga, akasema. Enzi zake hakufunga duka kitu kikiwa kimeunganishwa — aliogopa moto kuliko wezi.

Nilitaka kufoka, nikashindwa. Vidole hivyo asubuhi vilidondosha kijiko, lakini hapo havikutetemeka hata chembe. Ningeipandisha bodi juu ya kabati, yaishe. Lakini jioni angefunga nini?

Jumamosi, 11 Mei

Nilimwambia kaka aje mchana. Kaja jua linazama. Foleni, eti! Akapakia nguo za baba kwenye begi, akaliweka mlangoni. Haya, onyesha.

Nikafungua mlango — ikalia! Kaka kainua nyusi. Kidogo tu, lakini namjua yule.

Baba naye akainuka. Tunafunga.

Subiri baba, mteja hajaondoka! Wapi. Kashaanza kuchomoa. Na kaka yangu, mtu mzima na kitambi chake, akasogea kando yake, akakinga viganja kupokea nyaya. Ndiyo ilikuwa kazi yake utotoni. Hakuna aliyemwambia.

Wako hukohuko mezani. Mimi nimekimbilia jikoni kuchemsha chai, naandika haya badala yake. Begi bado liko mlangoni. Baba anamkaripia: siyo hivyo, nyekundu weka huku! Na kaka anajibu, kwa sauti ambayo sijaisikia miaka: ndiyo, baba.