Usiyazungushe Mapanga Yale

Barabara ya 900 Kaskazini,
Etna Fork, Indiana.
Jumatatu, 15 Julai 1996.

Mpendwa mwanangu Corinne,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Idaho, na kwamba lile goti uliloliumiza kwenye theluji limeshapona. Sisi huku hatujambo, ila mama yako mdogo Nadine anasumbuliwa na mgongo, na mimi nasumbuliwa na Nadine. Joto limezidi mwaka huu. Mahindi yamenipita kimo, na mbwa amehamia chini ya trela hataki kutoka hata kwa chakula.

Na mama yako, ameacha sigara kweli au anavutia nyuma ya nyumba kama zamani? Mwambie namwulizia, na asinidanganye.

Kabla sijaenda mbali nakukumbusha ulichoniahidi jana kwenye simu. Usiyazungushe mapanga yale mapya ya jairo yako, hicho kindege chako kinachobebwa na mapanga kichwani, mpaka ufike mwisho wa barua hii. Hata kwa mkono, hata kwa kumwonyesha jirani. Najua ulinicheka. Ulisema, "Baba mdogo, uzee umekuanza! Mapanga yamenyooka kama rula, nimeyapima mwenyewe." Nami badala ya kukujibu nikakuuliza habari za mvua. Nadine, mwanangu, alikuwa jikoni anamenya maharage huku masikio ameyatega kwangu. Ndiyo maana naandika.

Uliniuliza utarajie nini kwenye mkusanyiko wetu wa Agosti, kwa kuwa utakuwa wako wa kwanza. Nitakujibu. Ninavyojijua, nitahitaji kuzunguka kidogo kabla ya kufika ninakokwenda.

Fika Jumatano kukiwa bado na mwanga. Hema lako lipige upande wa mashariki wa uwanja, usikubali kuwekwa karibu na mtaro, mbu wa pale hawana dini. Jairo yako ikishashuka kwenye trela tu, wazee watakuja na vikombe vyao vya kahawa, watapiga magoti, watavuta kila waya na kutikisa kila bolti bila kukuomba ruhusa. Usikasirike, kwetu huko ndiko kusalimiana. Burl Haskett, rafiki yangu yule wa sikio moja, atakuambia umefunga injini kwenye kiti cha kinyozi. Mjibu hapohapo. Ukinyamaza atadhani una woga, na atakuandama siku nne.

Kila siku saa moja asubuhi kuna kikao cha marubani. Asiyekuwepo haruki siku hiyo, awe nani. Mwaka juzi daktari mmoja wa Ohio alichelewa kwa sababu ya kunyoa ndevu, akashinda amekalia sanduku lake la barafu, ameng'ara kidevu, anatazama wenzake wakiruka.

Asubuhi zetu ni nzuri, sitakuficha. Upepo unakuwa haujaamka, na jairo ishirini ziko angani zinalia kama nyuki waliofungiwa kwenye kopo. Wanawake wa kanisa wanakaanga ile nyama ya nguruwe iliyopondwa ikawa pana kuliko mkate wake, na mahindi wanayachemsha yanaogelea kwenye siagi. Kula mapema, ushibe.

Kwa sababu kuanzia saa sita mchana mambo yanabadilika. Jua linauchemsha uwanja, hewa inaanza kupanda na kushuka yenyewe, na mpaka saa kumi na moja jioni hakuna mwenye akili anayeruka. Watu wanakaa kwenye viti vya kukunja, wote wameielekea soksi ya upepo, lile fuko la kitambaa mlingotini linaloonyesha upepo unakovuma. Utaona wamenyamaza, hata Burl. Mgeni hudhani wamechoka. Hawajachoka, kila mmoja pale anamkumbuka mtu. Mimi huwa nahesabu viti bila kutaka, na kila mwaka hesabu inanipa baridi katikati ya joto lile.

Wewe umeijenga jairo yako miaka mitatu, hunihitaji nikufundishe. Injini yetu inasukuma tu kutoka nyuma. Kinachokuweka juu ni yale mapanga mawili kichwani, yanayozungushwa na upepo na si kitu kingine. Mwenye ndege ana mbawa za kumsitiri injini ikizima. Sisi panga likikatika hatuna cha pili.

Ndiyo maana tuna utaratibu wetu wa Jumamosi, na huo ndio ninaotaka uujue kuliko yote. Saa kumi na moja, kabla watu hawajaanza kuruka tena, tunakusanyika kwenye meza ya karakana. Panga lolote lililogusa ardhi mwaka huo linaletwa. Hata kama liligusa majani tu. Hata kama limenyooka. Mwenyewe anaulizwa liligusa wapi na nani aliona, anajibu mbele ya watu wote, kisha panga linakatwa vipande viwili. Panga lililogonga chini linaweza kubaki limenyooka miaka na miaka, huku kwa ndani limeshaanza kuchanika taratibu. Jicho halioni. Rula haioni. Siku litakapoamua, wewe utakuwa huko juu.

Msumeno tunaotumia ulikuwa wa marehemu baba yako. Dwight ndiye aliyeuanzisha utaratibu huu mwaka 1974, baada ya kwenda kumwokota rafiki yake kwenye shamba la soya. Hukuambiwa kwa sababu ulikuwa mtoto, na baadaye hakuna aliyetaka kuianza upya habari ile. Mpini una utepe mweusi alioufunga kwa mkono wake. Alipofariki kwa ule ugonjwa wa damu, mwaka 1987, msumeno ukaja kwangu. Tangu siku hiyo mimi ndiye ninayekata, mimi ndiye ninayeuliza. Nimekata mapanga ya watu wazima wanaobubujikwa na machozi, nikawaambia, "Lete hapa, bwana, chuma hakibembelezwi."

Sasa nije kwenye barua yako.

Uliniandikia umepata mapanga huko Nebraska, ya ule mtindo wa zamani usiotengenezwa tena, yamegongwa namba 417 kwenye shina na yana mstari wa kijani. Ukaongeza kwamba ukiyazungusha kwa mkono kwenye karakana usukani unatikisika kidogo, lakini utarekebisha. Nilikuwa nimesimama barabarani kwenye sanduku la barua. Nikajikuta nimekaa chini kwenye kokoto. Jirani akasimamisha pikapu yake.

"Lowell, umeanguka?"

"Nimekaa."

"Barabarani?"

"Kokoto zangu. Pita."

Corinne, mstari ule wa kijani niliupaka mimi. Ni rangi iliyobaki nilipopaka milango ya banda letu la ng'ombe.

Ilikuwa Juni 1988, siku ya Jumanne, niko peke yangu kwenye uwanja wangu huu wa nyumbani. Nilikuwa na haraka ya kijinga. Niliyazungusha mapanga kwa mkono, nikarudi kukaa, nikaongeza moto kabla hayajashika kasi. Kosa hilo anagombezwa nalo mwanafunzi wa siku ya kwanza. Mapanga yakaanza kupigapiga juu na chini, jairo ikalala ubavu, na panga moja likachapa majani. Halikuchapa sana. Niliinuka bila hata mchubuko, nikatazama huku na huku, nikaona ng'ombe tu. Nikayapima mapanga kwa uzi. Yalikuwa yamenyooka kabisa.

Nikajiambia ni majani tu. Nikajiambia mapanga ya aina ile hayapatikani tena. Ukweli ni kwamba msumeno wa kaka yangu ulikuwa mikononi mwangu mwaka mmoja tu, na niliona aibu kusimama mbele ya Burl na wenzake nikate ya kwangu kwa kosa la mtoto. Niliyarusha mara moja, yakanitikisa mikono. Basi Agosti ile nikabadilishana na Wendell Kopp, mtu wa Nebraska, akanipa injini nami nikampa mapanga. Alinitazama usoni akauliza, "Haya yamewahi kugusa chini?"

Nikamwambia, "Kamwe." Sikupepesa macho. Na Jumamosi ya wiki ileile nilishika msumeno nikakata mapanga ya mtu mwingine, nikamgombeza na kumgombeza.

Kopp alihudhuria mara mbili tena, kisha hakuonekana. Kwenye ile hesabu yangu ya viti, kiti chake nilikuwa nakiruka. Nilijiambia amezeeka, safari ni ndefu. Miaka sita sikunyanyua simu. Halafu wewe ukaandika kwamba mapanga umeyapata kwa mjane wake. Neno hilo nililisoma mara nne.

Juzi Jumamosi Nadine alipoenda mnadani nilimpigia huyo mama. Vidole vilikosea namba mara mbili. Nikamuuliza bwana Kopp alifariki vipi.

"Moyo," akasema. "Kitandani, Februari. Wewe nani kwake?"

Sikuweza kusema rafiki. Nikasema tulikuwa tunaruka pamoja. Nikauliza habari za mapanga.

"Ah, yale! Aliyarusha mara mbili tu akayatundika ukutani. Anasema yanamtetemesha mikono, hayaamini. Nikamwambia basi yatupe, yananijazia ukuta. Anasema yamenyooka mno kuyatupa. Si ndivyo mlivyo nyie wote? Yule binti alipokuja nikadhani anataka pambo." Kisha akauliza, "Kwani yana ubaya?"

Nikamwambia, "Yana ubaya, mama, na ubaya wenyewe ni wangu."

Kwa hiyo mume wake alinusurika kwa kuiamini mikono yake. Na bado hakuyakata, kwa sababu ileile iliyonizuia mimi. Yamekaa ukutani yanasubiri, hadi yakampata binti wa kaka yangu, anayeniambia kwenye simu kwa furaha kwamba Jumamosi hii ataanza kukimbia nayo uwanjani. Tangu niliposoma barua yako silali vizuri. Nikifumba macho naiona soksi ya upepo imenyooka kwa upepo, na kiti kimoja kipya kitupu mstari wa mbele.

Naogopa, mwanangu. Naogopa kwamba utafika hapa kwenye barua ukasema baba mdogo ametia chumvi, ukaenda kuyatazama tena, na yatakuwa yamenyooka. Yatakuwa yamenyooka, nakuapia. Usiyaamini.

Usisubiri mkusanyiko. Usije nayo mazima, kwa maana kutakuwa na mtu wa kukubembeleza umwachie, na atakuwa mtu mzuri mwenye sababu nzuri. Fungua kile kisanduku kirefu kilichokuja pamoja na barua hii. Ni msumeno wa baba yako. Nimeutia ulimi mpya, mpini sikuugusa. Kata leo. Kila panga likate mara mbili, na kile kipande chenye namba 417 uje nacho.

Burl ana mapanga mengine yaliyokaguliwa. Nitamwambia kila kitu jioni hii, na Nadine nitamwambia mezani, nikishatoka posta ili nisiweze kurudi nyuma. Jairo yako itaruka Agosti, lakini itaruka na mapanga ya Burl.

Jumamosi tarehe 3, saa kumi na moja, mimi sitakuwa upande wangu wa meza. Upande ule utasimama wewe. Utaweka kipande kile katikati, na utaniuliza alichokuwa anauliza baba yako: liligusa wapi, na nani aliona? Uliza kwa sauti, kwa sababu Burl hasikii vizuri. Nitajibu. Baada ya hapo kama hutaki kula meza moja na mimi, sitakulaumu.

Siku yoyote ya msimu ule wa 1988 ningeweza kuyakata kwa dakika kumi.

Mpe mama yako salamu zangu. Nadine anakusalimu, ingawa bado hajajua anasalimia kwa sababu gani, na Burl anasema uje na taulo lako mwenyewe. Mungu akulinde, akupe mikono ya baba yako na si ya kwangu. Ukiwa tayari kukata, nipigie simu ya nyumbani, niko karibu nayo kutwa. Huna haja ya kusema neno. Weka simu juu ya meza ya karakana nisikie msumeno mpaka mwisho.

Mimi baba yako mdogo, nikupendaye na nikuombaye radhi,

Lowell Rademacher